Tunanunua Sumaku, Tunasahau Masikio

Haya wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Waliozoea kuja hapa kusoma mambo ya hifadhidata, seva na simu wataona kwamba nimehama. Sijahama mbali. Mada ya leo ni mashine ya MRI, ile ya hospitalini inayopiga picha za ubongo na uti wa mgongo kwa kutumia sumaku. Mkisoma hadi mwisho mtakubali kwamba nusu ya mashine hiyo ni kazi yetu sisi watu wa programu.

Kila mara serikali inapozindua mashine ya namna hii, iwe ya kitaifa au ya kaunti, sherehe ni ile ile. Kuna hema, kuna viti vya plastiki, kuna utepe na mkasi. Mheshimiwa anauliza mashine ina nguvu kiasi gani. Anajibiwa: tesla moja nukta tano. Makofi! Kesho yake magazeti yanaandika kwamba mashine ya kisasa imewasili. Basi, habari imeishia hapo.

Hakuna anayeuliza hivi: imekuja na koili ngapi za kupokea? Kila koili ina chaneli ngapi? Programu ya kuharakisha upigaji imelipiwa, au imo ndani ya mashine lakini imefungwa kwa leseni? Na koili ikiharibika, nyingine iko wapi?

Nasema bila kuzunguka mbuyu: kwa mgonjwa aliye kwenye foleni, maswali hayo manne yana uzito kuliko tesla. Sumaku ndiyo inayofanya picha iwezekane. Koili na hesabu ndizo zinazoamua kama picha itachukua dakika tatu au dakika kumi na mbili. Sisi tunanunua sumaku, tunasahau masikio, halafu tunashangaa kwa nini foleni haipungui.

MASHINE HII NI REDIO, SI KAMERA

Watu wengi hudhani MRI ni kamera kubwa. Sivyo. Ni redio. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji yana haidrojeni. Ukimlaza mtu ndani ya sumaku kali, viini vya haidrojeni hukubali kuitikia wimbi la redio la masafa maalumu. Katika sumaku ya tesla 1.5 masafa hayo ni takriban megahezi 64, chini kidogo tu ya zile stesheni za FM tunazosikiliza kwenye matatu. Mashine hutuma wimbi, hunyamaza, kisha husikiliza mwili ukijibu. Jibu ni dhaifu sana. Kinachosikiliza ni koili, na koili ni antena tu iliyowekwa karibu na mwili.

Paul Lauterbur alionyesha mwaka 1973 jinsi ya kugeuza majibu hayo kuwa picha, naye Peter Mansfield akaendeleza hesabu na mbinu za kuifanya haraka. Mwaka 2003 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini tangu mwanzo kulikuwa na tatizo moja: data haiji yote kwa pamoja. Inakuja mstari baada ya mstari, na kila mstari una muda wake wa kusubiri.

Tupige hesabu. Tuseme picha inahitaji mistari 256, na kila mstari unasubiri sekunde 3. Hizo ni sekunde 768, yaani dakika 12 na sekunde 48 kwa picha za aina moja tu. Na daktari haombi aina moja, anaomba nne au tano. Ni kweli kwamba siku hizi zipo mbinu za kuchota mistari kadhaa kwa mpigo mmoja, kwa hivyo hakuna anayesubiri hivyo kwa kila picha. Kanuni lakini haijabadilika: mstari ni muda.

Na muda wote huo mgonjwa anatakiwa atulie kama maiti. Mzee mwenye mgongo unaouma atulie. Kijana wa boda boda aliyegongwa atulie. Mtoto wa miaka mitatu, ndani ya shimo jembamba lenye kelele kama ya kinu cha kusaga mahindi, naye atulie! Hatulii. Kwa hivyo anapewa dawa ya usingizi, na dawa hiyo inataka mtaalamu wa kuisimamia, na mtaalamu huyo leo yuko thieta. Rudi wiki ijayo.

UJANJA WENYEWE

Sasa njooni Otonglo. Wasiopajua, ni soko lililo kando ya barabara ya Busia, ukitoka mjini Kisumu ukapita uwanja wa ndege. Chukua watu wawili uwafunge macho. Mmoja msimamishe kando ya barabara, mwingine karibu na kinu cha kusaga. Makanga akiita abiria, wa barabarani anamsikia kwa nguvu na wa kinuni anamsikia kwa mbali. Kinu kikinguruma, mambo yanageuka. Kila mmoja anasikia mchanganyiko wa sauti zote mbili, ila kwa vipimo tofauti. Ukijua vipimo hivyo, unaweza kuzitenganisha sauti hizo kwa hesabu tu, bila kumnyamazisha makanga wala kuzima kinu.

Huo ndio ujanja wa koili nyingi. Badala ya kukusanya mistari yote 256, ruka mmoja kwa mmoja. Kusanya 128. Muda umekatwa nusu. Lakini picha inayotoka imejikunja: sehemu mbili za kichwa zimelaliana juu ya doa moja, pua imeangukia kisogo. Koili moja peke yake haiwezi kuzitenganisha. Koili mbili zilizo sehemu tofauti zinaweza.

Mfano wa nambari, maana hapa hatuamini maneno matupu. Doa moja la picha iliyojikunja lina pikseli mbili ndani yake, ziite x na y. Koili ya kwanza inasikia x kwa kiasi cha 0.9 na y kwa 0.2. Ya pili inasikia x kwa 0.3 na y kwa 0.8. Vipimo hivi mashine huvipata kwa kupiga picha fupi ya majaribio kabla ya kuanza. Sasa koili zinaleta ripoti:

0.9x + 0.2y = 9.8
0.3x + 0.8y = 6.2

Mtoto wa kidato cha pili anazitatua hizo: x = 10, y = 4. Pua imerudi mahali pake na kisogo mahali pake. Rudia kwa kila doa la picha, na umemaliza. Ndugu zangu, hiyo ndiyo siri. Milinganyo ile tuliyochapiwa darasani ndiyo inayomtoa mgonjwa ndani ya sumaku kwa nusu ya muda.

Na si jambo jipya hata kidogo. Mwaka 1990 Roemer na wenzake walieleza namna ya kupanga koili nyingi ndogo pamoja ili picha iwe safi zaidi. Mwaka 1997 Daniel Sodickson na Warren Manning wa Boston walionyesha kwamba koili hizo zinaweza pia kupunguza muda, wakaiita njia yao SMASH. Mwaka 1999 Klaas Pruessmann na wenzake wa Zurich walitoa SENSE, ambayo ndiyo hesabu niliyoifanya hapo juu. Mwaka 2002 Mark Griswold na wenzake, wakiwa Ujerumani, walitoa GRAPPA, inayojaza mistari iliyorukwa kabla picha haijatengenezwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa SENSE leo ana kitambulisho na pengine anasomesha wake. Kwa nini basi kwetu jambo hili linazungumzwa kama anasa ya wazungu?

HAKUNA CHA BURE

Sitaki mtu aje kuniambia nimeficha upande wa pili, kwa hivyo nauandika mimi mwenyewe. Ukikusanya data nusu, picha inakuwa na kelele zaidi. Ukipunguza muda mara nne, ubora unashuka hadi nusu hata kama koili ni kamilifu, kwa sababu kelele inafuata kipeuo cha pili cha mara ulizopunguza.

Halafu kuna adhabu nyingine inayotokana na mpangilio wa koili. Tuseme koili zako mbili zimekaa mahali karibu pamoja, zinasikia karibu kitu kile kile: ya kwanza 0.6 na 0.5, ya pili 0.5 na 0.6. Koili ya kwanza ikikosea kwa 0.1 tu, x inatoka ikiwa imepotoka kwa takriban 0.55. Katika mfano wa mwanzo, kosa lile lile lingeipotosha x kwa 0.12. Yaani koili mbovu au zilizopangwa vibaya zinakuza kelele zaidi ya mara nne. Wataalamu huita adhabu hiyo kigezo cha g, na huwezi kuiondoa kwa hotuba. Unaiondoa kwa koili nzuri, zilizo nzima, zilizozunguka sehemu inayopigwa picha.

Mnaona sasa kwa nini napiga kelele kuhusu koili? Mashine yenye sumaku ya tesla 1.5 na koili mbovu ni kama gari la injini kubwa lenye magurudumu ya baiskeli.

Niliwahi kuitwa mahali fulani katika ukanda huu wetu kuunganisha picha za idara na mfumo wa hospitali. Sitaitaja, na haina haja. Nilikuta kabati limejaa koili. Ya goti ilikuwa na pini zilizopinda kwenye kiunganishi. Ya kichwa ilikuwa na chaneli mbili zilizokufa, kwa hivyo mashine ilikataa kuharakisha. Nikauliza, mnafanyaje? Kijana wa zamu akanijibu kwa upole, "Tunapiga polepole, kaka, picha inatoka." Ni kweli, picha ilikuwa inatoka. Lakini nje benchi lilikuwa limejaa, na yule wa mwisho kwenye benchi alikuwa anailipia ile pini iliyopinda. Na mkataba wa matengenezo? Ulikuwapo, tena mnene. Ulitaja sumaku. Ulitaja kipoza hewa. Koili zilihesabiwa kama vitu vya kutumika na kuisha, kama glavu.

"KWANZA TUPATE MASHINE"

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni hili: nchi maskini ipate mashine kwanza, mambo ya kuharakisha yatafuata. Nalikataa kabisa. Aliye na mashine kumi anaweza kumudu uvivu. Aliye na moja hawezi.

Chukua mfano wa kubuni. Mgonjwa mmoja anachukua dakika 45: 15 za kumwandaa na kumlaza, 30 za kupiga. Kwa siku ya saa kumi unapata wagonjwa 13. Kata muda wa kupiga nusu, ibaki dakika 15. Sasa kila mmoja anachukua dakika 30, na siku ile ile inahudumia 20. Wagonjwa saba zaidi kwa siku, bila sumaku ya pili, bila chumba cha pili, bila heliamu ya ziada. Hujafika maradufu, maana kumwandaa mgonjwa hakuharakishwi na hesabu yoyote. Lakini saba ni watu.

Na watu hao wanatoka mbali. Mgonjwa wa Mbita anavuka ziwa kwa feri hadi Luanda Kotieno, anapanda gari hadi Kisian, anapita hapa kwetu Otonglo, ndipo aingie mjini. Kisumu ndiyo rufaa ya magharibi yote. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969, inapokea wagonjwa kutoka kaunti jirani nyingi tu. Mtu aliyesafiri hivyo akiambiwa rudi wiki ijayo, huo ni ujumbe wa nauli mara mbili, malazi, na siku nyingine bila kufungua kibanda. Wengine hawarudi.

Pingamizi la pili lina akili zaidi: shida yetu ni umeme, wataalamu na malipo, si koili. Nakubali nusu. Tumeona wenyewe. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, maarufu kama MES, hospitali mbili katika kila kaunti. Kaunti zilianza kwa kukatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye zikapanda hadi milioni 200. Baadhi ya vifaa vilikaa bila kazi kwa kukosa umeme wa kutosha, maji au wataalamu, na kamati maalumu ya Seneti iliukosoa vikali mpango huo mwaka 2020. Lakini somo la MES ni lipi hasa? Ni kwamba tulinunua orodha ya vyuma bila kununua KAZI inayotakiwa kufanywa na vyuma hivyo. Koili ziko ndani ya somo hilo hilo, pamoja na umeme na wataalamu.

Sasa umekuja mpango mwingine, NESP, ambamo hospitali inalipia kila huduma inayotolewa. Hapo ndipo muda unapokuwa pesa waziwazi. Mashine inayohudumia 13 na inayohudumia 20 hazina hesabu moja. Kama hatutaandika kasi ndani ya mikataba leo, tutakuja kuinunua kando kesho, kwa bei ya aliyetushika shingo.

WATOTO WA MALARIA

Kuna anayedhani MRI ni ya goti la mchezaji wa mpira. Nimpeleke Blantyre, Malawi. Mwaka 2008 hospitali ya Queen Elizabeth ilipata mashine ndogo ya tesla 0.35, na watafiti wakaitumia kupiga picha ubongo wa watoto waliolazwa na malaria iliyopanda kichwani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kati ya watoto 168, watoto 25 walikufa, na 21 kati ya hao 25 walionekana kwenye picha ya siku ya kulazwa kwamba ubongo wao umevimba vibaya. Kwa miaka mingi madaktari walibishana ni nini kinachowaua watoto hao. Ikapatikana picha.

Wadau, mimi naandika haya nikiwa kando ya Ziwa Viktoria, ukanda wenye malaria nyingi kuliko kwingine kote Kenya. Mtoto aliyezimia kwa malaria hawezi kulazwa ndani ya sumaku saa nzima mbali na dripu na wauguzi wake. Kwake yeye kasi si starehe. Kasi ndiyo tofauti kati ya kupigwa picha na kutopigwa kabisa.

NA WALE WA AKILI BANDIA

Najua kuna rafiki zangu wa programu wanasubiri kusema: hizo koili ni za kizamani, akili bandia itajaza mistari iliyobaki. Taratibu. Mwaka 2018 watafiti wa Facebook na wa chuo cha NYU, New York, walianzisha mradi wa fastMRI, wakaweka wazi data nyingi ya magoti na baadaye ya ubongo. Kazi nzuri, na Sodickson yule wa SMASH alikuwamo. Lakini katika shindano lao la mwaka 2020, waandaaji wenyewe waliripoti kwamba baadhi ya programu zilibuni vitu ambavyo havikuwapo ndani ya mgonjwa. Zilichora kile zilichokizoea.

Sasa fikiri. Programu imefundishwa kwa vichwa vya New York. Unailetea ubongo wa mtoto wa Nyakach uliovimba kwa malaria, kitu ambacho haijawahi kukiona. Itajaza nini pale ambapo data haipo? SENSE ya mwaka 1999 haina mazoea ya aina hiyo. Haijui ubongo ni nini. Inatatua kile koili zilichosikia, na ikishindwa unaona kelele kwenye picha, na kelele daktari anaijua. Sisemi akili bandia ikataliwe. Nasema ijengwe juu ya koili nzuri na ijaribiwe kwa wagonjwa wetu. Isiwe kisingizio cha kuuziwa mashine yenye masikio mawili.

MBARARA WAMEFUNGUA SANDUKU

Yupo atakayesema haya ni mambo ya Zurich, sisi tutayawezea wapi. Mwaka 2022, Mbarara nchini Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake wa chuo cha sayansi na teknolojia cha huko, wakishirikiana na timu ya Andrew Webb wa Leiden, walikusanya mashine ya MRI kuanzia vipande hadi picha ya kwanza kwa siku 11. Sumaku yake ni ya kudumu, ya militesla 50 tu, haina heliamu. Lengo lao ni watoto wenye vichwa vilivyojaa maji.

Niwe mkweli: koili nyingi hazitaleta huko faida ile ile inayopatikana kwenye tesla 1.5. Katika sumaku dhaifu, kelele nyingi inatoka ndani ya koili yenyewe badala ya mwili, kwa hivyo kuigawanya koili kuwa vipande vidogo kunasaidia kidogo. Nimewataja kwa jambo lingine. Wale watu wanajua kila waya ndani ya mashine yao. Kikiharibika kitu, hawapigi simu Ulaya wakisubiri ndege. Na chuo chao hakina uchawi ambao Maseno hawana. Kutoka hapa Otonglo hadi Maseno ni mwendo mfupi wa matatu.

NINACHODAI

Nisije nikalalamika bila kutoa jawabu. Kaunti yoyote inayotaka kuweka sahihi kwenye karatasi ya MRI iandike haya:

1. Orodha ya koili kwa majina: ya kichwa, ya mgongo, ya tumbo, ya goti, na ya watoto. Kila moja na idadi ya chaneli zake. Koili ya watu wazima kwa mtoto mchanga ni kofia ya baba kwa mwana: inakaa mbali na kichwa na haisikii vizuri.

2. Leseni za kuharakisha ziwe zimefunguliwa tangu siku ya kwanza na zisiishe muda. Milinganyo ya kidato cha pili haiwezi kukodishwa kwa mwaka.

3. Koili ziingie kwenye mkataba wa matengenezo, na ya kichwa iwe na ya akiba.

4. Kipimo cha kazi kiwe idadi ya wagonjwa waliopigwa picha zinazosomeka kwa siku. Siku ambazo taa ya mashine iliwaka zisihesabiwe kuwa kazi.

5. Hospitali iwe na haki ya kutoa data ghafi, yaani kile koili zilichosikia kabla hakijawa picha. Bila hiyo, hakuna chuo chetu kitakachojifunza chochote.

Hilo la tano ndilo linalotuhusu sisi. Programu za kutengeneza picha kutokana na data ya koili nyingi zipo, ni huria, na ni bure. Ipo BART, ambayo msimbo wake mtu yeyote anaweza kuupakua na kuusoma. Ipo Gadgetron. Upo mtindo wa pamoja wa kuhifadhi data ghafi, ISMRMRD, ili mashine za makampuni tofauti zisomwe kwa njia moja. Mtu anayeweza kuandika programu ya malipo ya M-Pesa anaweza kukaa na BART jioni tatu akaona picha iliyojikunja ikikunjuka mbele ya macho yake. Hutamtibu mtu kwa hilo, na usijaribu. Lakini utajua kumuuliza muuzaji swali, na muuzaji atajua kwamba anaulizwa na mtu anayejua.

Maana wauzaji si wabaya, wadau. Wanauza kile kinachoulizwa. Tukiuliza tesla, watatuuzia tesla. Tukinyamaza kuhusu koili, watatuwekea zile za chini kabisa kwenye orodha na kuziita kamili, na hawatakuwa wamesema uongo.

Otonglo kwa Kijaluo ni sarafu ya senti kumi. Sarafu ndogo kabisa, peke yake haikununulii kitu. Koili ndogo nayo ni hivyo hivyo: inasikia kipande kidogo tu cha mwili, na ukiiuliza peke yake itakupa picha iliyojikunja. Zikusanye kumi na sita, uzijue vipimo vyake, uzifanyie hesabu, na dakika kumi na mbili zinakuwa sita, au nne. Haba na haba hujaza kibaba, waliotangulia walishasema, tena bila kompyuta.

Kwa hivyo mkisikia kuna uzinduzi, nendeni. Kaeni kwenye vile viti vya plastiki, kunyweni ile soda. Na mheshimiwa akishakata utepe, mmoja wenu anyanyue mkono aulize kwa heshima zote: Mheshimiwa, chaneli ngapi?